Wilma Rudolph na Chuma Kilichovuliwa Kanisani



 Tumezoea kuhakiki riwaya na mashairi, mambo ya wakubwa. Leo naomba mniruhusu nishuke kwenye vitabu vya watoto, tena aina moja tu ya vitabu hivyo: wasifu wa mwanamichezo aliyeugua utotoni, akapona, akawa bingwa wa dunia. Mnavijua. Vimejaa kwenye maktaba za shule huku ughaibuni, na wengi wetu tumewanunulia watoto wetu bila kuvisoma hadi mwisho, maana picha zinavutia na kisa kinaeleweka hata kwenye jalada.

Sababu ya kuandika ni hii. Kila Jumamosi asubuhi familia kadhaa za Wakongo, Warundi, Wakenya na sie Watanzania tunaoishi mitaa hii ya Glenwood na Umbilo hukusanyika sebuleni kwa mmoja wetu, watoto wakafundishwa Kiswahili. Mwaka 2018 serikali ya hapa ilipotangaza kwamba Kiswahili kitakuwa somo la hiari shuleni kuanzia 2020, wazazi walipata moyo sana. Moyo tumepata, vitabu hatuna. Basi nikaombwa, kwa kuwa eti mie ndiye profesa, nichague kitabu kimoja cha maisha ya mwanamichezo nikitafsiri. Nilipouliza nani, karibu wote walinitajia jina moja: Wilma Rudolph. Nikachukua vilivyopo juu yake, nikaketi navyo.

Kwa wasiomjua, niseme kwa ufupi. Wilma alizaliwa tarehe 23 Juni 1940 karibu na mji wa Clarksville, jimbo la Tennessee, Marekani. Alizaliwa kabla ya siku zake, ana kilo mbili tu, mtoto wa 20 kati ya watoto 22 wa mzee Ed Rudolph kwa ndoa zake mbili. Aliugua nimonia, akaugua homa ya vipele vyekundu, halafu polio ikamkausha mguu wa kushoto. Akavishwa chuma mguuni. Mwaka 1956, ana miaka 16, alikuwa Melbourne akichukua medali ya shaba katika mbio za kupokezana vijiti. Mwaka 1960 kule Roma alichukua dhahabu tatu: mita 100, mita 200, na kupokezana vijiti mara 100 nne. Hakuna mwanamke wa Marekani aliyewahi kupata dhahabu tatu za riadha katika Olimpiki moja kabla yake.

Ukiwa mwandishi wa vitabu vya watoto ukakuta maisha kama haya, utafanya nini? Utashukuru Mungu na kuanza kuandika. Kisa kimejipanga chenyewe.

Kitabu bora katika vyote, na ndicho nitakachokisema zaidi, ni Wilma Unlimited cha Kathleen Krull, kilichotoka 1996, miaka miwili baada ya Wilma kufariki. Michoro ni ya David Diaz. Mwaka uliofuata kilipata tuzo ya Jane Addams, na kwa haki kabisa. Sisemi hivi kwa adabu tu. Krull anaandika sentensi fupi zisizomdharau mtoto. Diaz naye ana watu wenye mistari mizito na rangi za udongo na jua, mabega mapana, nyuso zilizotulia, nyuma yao picha za vitu halisi vilivyopigwa kamera. Wilma wake hata akiwa kitandani hana uso wa kuombewa sadaka, na mjuao mabango ya mashirika ya misaada yenye watoto wetu mnajua hilo si jambo dogo. Tena Krull hakuficha basi. Anasema wazi kwamba hospitali ya kumtibu mtoto Mweusi ilikuwa Nashville, kilomita 80 hivi, na kwamba mama na mtoto walisafiri kila wiki wakiwa wamekaa viti vya nyuma kwa sababu ya rangi yao. Vile vitabu vyembamba vya shuleni, vya kurasa chache na maswali mwishoni, vingi husema tu kwamba alikuwa maskini, kama vile umaskini ule ulidondoka kutoka mawinguni.

Shida yangu inaanzia kanisani.

Katikati ya kitabu kuna Jumapili moja ambapo Wilma anafika kanisani, anakivua kile chuma, anakiacha, na kuanza kutembea peke yake katikati ya mabenchi hadi mbele. Magoti yanatetemeka, watu wamenyamaza, yeye anasonga. Ndio moyo wa kitabu. Kila mtu mzima niliyemwonyesha ukurasa ule alitokwa na machozi, mie pia nusura. Ila chuma chenyewe hakikwisha siku ile. Hata Krull anakubali, maana baadaye anasimulia kwamba Wilma aliendelea kukitumia mara kwa mara hadi alipofika miaka 12, ndipo yeye na mama yake wakakifunga ndani ya boksi wakakirudisha hospitali kwa posta. Na masimulizi ya Wilma mwenyewe na ya walioandika juu yake hayakubaliani kuhusu umri: wapo wanaosema aliacha chuma akiwa na miaka tisa na kubaki na kiatu maalumu hadi 12. Kwa maneno mengine, kupona kulichukua miaka, kidogo kidogo, mbele hatua mbili nyuma moja. Kitabu kinayajua hayo yote, lakini mtoto anayesikiliza hakumbuki boksi la posta. Anakumbuka kanisa.

Na kanisani Wilma yuko peke yake.

Hebu turudi nyuma tuone nani alikuwepo kabla ya Jumapili ile. Mama yake, Blanche, alikuwa mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba za Wazungu, siku sita kwa wiki. Mara moja kwa wiki alimchukua mtoto hadi Nashville, kwenye hospitali ya Chuo cha Udaktari cha Meharry, chuo kilichoanzishwa kuwafundisha madaktari Weusi baada ya utumwa kukomeshwa, wakati ambapo vyuo vingine viliwafungia mlango. Pale walimfundisha kuchua mguu. Blanche akawafundisha watoto wake wakubwa, wakawa wanapokezana, mara nne kwa siku. Mara nne! Fanyeni hesabu: kwa mwaka mmoja ni karibu mara 1,460 ambazo mtu mwenye shughuli zake aliacha shughuli zake akashika mguu wa mdogo wake. Kitabu kinataja mazoezi, ndiyo, kwa sentensi chache, na uzito wote kinaupeleka kwenye nia ya mtoto: alijitahidi, alikataa, aliamua. Sie tunasema mkono mmoja haulei mwana, na hapa mikono ilikuwepo kwa makumi, lakini ikifika kwenye picha kubwa ya kurasa mbili, mikono yote imetoka nje ya fremu.

Wilma mwenyewe hakuwa hivyo. Katika tawasifu yake ya mwaka 1977 na katika mahojiano mengi, aliwarudia mama na ndugu zake kila mara. Alikuwa akieleza kwamba madaktari walimwambia hatatembea, mama akamwambia atatembea, naye akamwamini mama. Maneno hayo siku hizi yamebandikwa kwenye fulana na vikombe vya chai kama sifa ya kuamini. Mie nayasoma kama ushuhuda juu ya mama aliyekuwa na tiketi ya basi mkononi.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili halinitoki. Dada yangu anayenifuata kwa juu alipata polio Tanga akiwa na miaka mitatu, mwishoni mwa miaka ya 1960. Mie nilipopata akili nilikuta kazi ya kumchua ikiendelea nyumbani: mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, bibi anashika goti, sie wadogo tunashika wayo, kila jioni baada ya magharibi. Tulichua miaka. Dua zilisomwa, sadaka zilitolewa, hospitali ya mkoa ilikwenda na kurudiwa. Mguu haukurudi. Dada alisoma, akawa mwalimu, amefundisha nusu ya mtaa wetu kusoma na kuandika, na mguu wake ni ule ule. Hakukosa nia hata siku moja, na nyumba yetu haikukosa mikono. Polio huua seli za neva zinazoamuru misuli. Zikibaki za kutosha, mazoezi huzipa kazi mpya na mguu hurudi, zikiwa zimekufa karibu zote, hakuna kuchua wala kuomba kutakakozifufua. Nani anabakiwa na ngapi, hilo halipimwi kwa ushujaa.

Kwenye darasa letu la Jumamosi tunaye mtoto wa kike wa miaka tisa anayevaa chuma mguuni. Yake si polio, alizaliwa hivyo. Nilipokuwa najaribu kitabu, nikikisoma kwa Kiswahili cha papo kwa papo ili nione kinakaaje masikioni mwa watoto, tulipofika kanisani aliniuliza: "Babu, yeye aliomba sana kuliko mimi?" Mama mmoja akawahi kumjibu kwamba kila mtu na wakati wake. Ni jibu la adabu, lakini si jibu. Mtoto yule alikuwa amefanya uhakiki ambao sie wenye shahada tulishindwa kuufanya kwa miaka karibu 30 tangu kitabu kitoke. Ameona kwamba ndani ya hadithi ile kupona ni tuzo, na akauliza swali linalofuata kwa mantiki kabisa, yaani ambaye hakutuzwa amekosa nini.

Najua kuna watakaonijia juu. Watasema, profesa, watoto wanahitaji matumaini, wasomee penye nia pana njia. Sawa. Mie pia nimelelewa na methali hiyo, iliandikwa hata nyuma ya madaftari yetu. Lakini baina ya Clarksville na Nashville njia ilikuwepo ya lami, na basi lilikuwepo, la kibaguzi lakini lilikuwepo, na mwisho wa njia palikuwa na chuo cha madaktari Weusi chenye watu wanaojua kazi yao. Ukiiondoa Meharry kwenye hadithi, nia ya Blanche ingekwenda wapi? Tunapomsimulia mtoto wa Bungoma au Kigoma kisa cha Wilma tukamwachia nia peke yake, tumemnyima sehemu ya kisa ambayo ingeweza kumfaa, kwamba tiba ni kitu kinachojengwa na watu, na kwamba watu wanaweza kukidai.

Jambo la pili linalonisumbua ni mahali kisa kinapoishia. Hadithi ya Krull inafungwa Roma, jukwaani, wimbo wa taifa unapigwa. Yaliyofuata amewekewa mtu mzima nyuma ya kitabu, kwenye maelezo ya mwandishi yenye herufi ndogo: kwamba aliporudi Clarksville mapokezi yake yalikuwa tukio la kwanza la mji ule kuwakusanya Weusi na Weupe pamoja. Hata hapo haielezwi kwa nini. Ni kwa sababu Wilma alikataa kwenda kwenye sherehe ya kibaguzi. Wakubwa wa mji walitaka mapokezi, yeye akasema yakiwa ya kutenganishwa mimi sipo. Binti wa miaka 20! Mie ningempa ukurasa mzima wa Diaz kwa hilo peke yake, ningempunguzia hata ukurasa mmoja wa uwanjani.

Na Mei 1963, miaka mitatu baada ya dhahabu zile tatu, huyo huyo Wilma alikuwa ametoka Afrika. Serikali yake ilimtuma Dakar kwenye Michezo ya Urafiki kama balozi wa nia njema. Alirudi Clarksville, na wiki chache baadaye akawa miongoni mwa waandamanaji waliodai Weusi wahudumiwe kwenye mkahawa wa mji wake mwenyewe. Baadaye kidogo meya akatangaza kwamba sehemu za umma za mji zitafunguliwa kwa wote. Yaani miguu iliyoshinda dunia nzima ilikuwa haijaruhusiwa kuingia kula chipsi nyumbani. Hapo ndipo penye kisa, jamani, na ndipo vitabu vya watoto vimekwishafungwa.

Ninapoishi hapa Durban siwezi kulisoma hilo bila kumkumbuka Papwa Sewgolum, mcheza gofu wa mji huu mwenye asili ya Kihindi, aliyeshika fimbo kinyumenyume akawashinda wote. Januari 1963, mwaka ule ule, alishinda mashindano ya wazi ya Natal na akapokea kombe lake nje kwenye mvua, maana sheria na desturi hazikumruhusu kuingia klabuni walimokuwa Wazungu. Picha ile ilizunguka dunia. Na mbio za Comrades, ambazo kila mwaka huunganisha Durban na Pietermaritzburg na ambazo wengi wenu mkija kunitembelea mnapenda kuziona, zilianza 1921 lakini Weusi na wanawake hawakuruhusiwa rasmi hadi 1975. Watoto wetu wa Jumamosi wanakua kwenye mji huu. Wakisomewa Wilma aliyeishia jukwaani watadhani medali hufungua milango. Hapa hapa mtaani kwao kuna wazee wanaojua kwamba haikuwa hivyo.

Kuna pengo jingine ambalo nitaligusa haraka kwa sababu najua litaleta ubishi. Mwaka 1958, baada ya kushika mimba akiwa mwaka wa mwisho wa sekondari, Wilma alijifungua binti, Yolanda. Kocha wake wa chuo, Ed Temple, alikuwa na kanuni ya kutochukua wasichana wenye watoto, na kwake akailegeza. Ndugu wa Wilma wakasaidia kulea. Roma alikwenda akiwa mama wa mtoto wa miaka miwili. Katika hadithi ya Krull Yolanda hayupo. Kwa mtoto wa miaka sita sina ugomvi, ila vipo vitabu vya watoto wa miaka 12 na 13 ambavyo navyo vinaruka kutoka Melbourne hadi Roma kana kwamba 1958 haikuwa kwenye kalenda. Nchini kwetu Tanzania, msichana mwenye hali kama yake mwaka 2017 aliambiwa hadharani na rais kwamba hatarudi shule ya serikali, na zuio hilo halikuondolewa hadi Novemba 2021. Msichana wa Kiswahili wa miaka 13 ana haki ya kujua kwamba bingwa yule alikuwa na mtoto, na kwamba aliyemrudisha chuoni na uwanjani ni kocha aliyeamua kulegeza kanuni.

Basi nikajiuliza, je, hakuna mtu wetu? Yupo. Anne Wafula Strike, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, mwaka 1969. Alipata polio akiwa na miaka miwili na ushee. Majirani walisema ni laana, familia ikasakamwa, baba yake aliyekuwa mwanajeshi akawahamisha. Alisoma Joyland kule Kisumu, shule ya watoto wenye ulemavu, kisha akafika Chuo Kikuu cha Moi, akawa mwalimu. Alipohamia Uingereza ndipo alipokutana na mbio za kiti cha magurudumu, na mwaka 2004 alikuwa Athens kwenye Paralimpiki akiiwakilisha Kenya, wa kwanza kutoka ukanda wetu katika mbio hizo. Baadaye alichukua uraia wa Uingereza akakimbilia huko. Tawasifu yake, In My Dreams I Dance, ilitoka 2010.

Linganisheni tarehe, ndugu zangu. Wilma aliugua polio katika miaka ya 1940, kabla ya chanjo kuwepo. Chanjo ya Salk ilitangazwa Aprili 1955. Anne aliugua mwanzoni mwa miaka ya 1970. Dada yangu aliugua mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo ugonjwa wa Wilma unaweza kuitwa bahati mbaya. Wa hawa wawili ulikuwa na dawa ya kuuzuia zaidi ya miaka kumi, ila dawa haikuwa imewafikia. Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa huru na polio ya asili Agosti 2020, halafu mwaka 2022 virusi vikaonekana tena Malawi na Msumbiji, majirani zetu kabisa. Mtoto wa kitabu cha picha anaweza kuelezwa chanjo. Anazijua sindano kuliko sisi.

Na tofauti kubwa kuliko zote: Anne hakupona. Miguu yake haikurudi. Hana Jumapili ya kuvua chuma, hana boksi la kupeleka posta. Anakimbia kwa mikono. Ukijaribu kumwingiza kwenye umbo la Wilma Unlimited, kisa kinagoma, maana kati ya ugonjwa na uwanja hakuna mwujiza. Kuna shule ya bweni, kuna baba mkaidi, kuna chuo, kuna kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya mbio. Nadhani ndiyo sababu, pamoja na uvivu wetu, sijakutana na kitabu cha picha cha Kiswahili juu yake. Hatuna umbo la kukisimulia. Tuna hujafa hujaumbika, ambayo ni tahadhari kwa mzima asimcheke mlemavu. Mlemavu mwenyewe akiwa msimuliaji, methali ile haina la kumwambia.

Tena kisa chake hakikuishia uwanjani. Desemba 2016, akiwa tayari ana nishani ya MBE aliyotunukiwa 2014, alisafiri kwa treni ndani ya Uingereza ambayo choo chake cha watu wenye ulemavu kilikuwa kibovu, na vituoni hapakuwa na wa kumsaidia kushuka, hadi akajikojolea. Angeweza kunyamaza. Mwezi uliofuata alilisema hadharani kwenye magazeti, jina na picha, kwa hoja kwamba wapo wengi yanayowapata na hawasemi. Nikimweka karibu na Wilma wa mkahawa wa 1963 naona ndugu wawili. Wote walikuwa na medali au nishani, wote walikuta mlango umefungwa, wote wakapiga kelele.

Wapo watakaosema treni na kukojoa si mambo ya kitabu cha watoto. Mie nasema mtoto wa miaka sita anaelewa habari ya choo kuliko habari ya dhahabu. Kila mtoto amewahi kubanwa akiwa mbali na choo. Ndiyo sehemu pekee ya maisha ya bingwa ambayo anaweza kuingia nayo moja kwa moja bila kuelezwa.

Kwa hiyo uamuzi wangu kwa darasa letu umekuwa huu. Krull tutamsoma, kwa kuwa ni kitabu kizuri na michoro ya Diaz watoto wanaipenda mno, lakini tutakisoma hadi maelezo ya nyuma, nami nitayatafsiri kwa herufi kubwa na kuyabandika ndani, pamoja na karatasi mbili zangu, moja ya mikono ya ndugu zake, moja ya mwaka 1963. Jumapili ya kanisani sitaikata. Nitaongeza tu jioni iliyoitangulia, dada mmoja amechoka, mafuta mkononi, anachua mara ya nne. Watoto wakubwa watapata na habari ya Yolanda.

Cha Anne Wafula Strike tutajaribu kukiandika wenyewe, akiridhia mwenyewe, maana yu hai na maisha ni yake. Njia ya kukichapisha ipo: Book Dash wa Cape Town walifanya hivyo mwaka 2014 na kitabu cha Wangari Maathai, wakakiachia bure, na Kiswahili chake kipo kwenye mtandao. Kinachonikwamisha sasa ni maneno. "Kiti cha magurudumu" ni kirefu mno kwa sentensi ya mtoto, na hicho cha mbio chenye magurudumu matatu sijakipatia jina. Watanzania wengi husema baiskeli, na kwa kweli naipenda, maana baiskeli ni kitu cha kukimbia nacho. Wakenya wananiambia huko baiskeli ni baiskeli. Mliopo Mombasa, Bungoma, Bukavu na Maskati, watu wenyewe wanaovitumia wanaviitaje? Niandikieni. Yule mtoto wa miaka tisa amekwishapendekeza lake, "kigari cha mashindano", na nimemwahidi kwamba lisipopatikana la kulishinda litachapishwa hilo.

Wasalaam,
Glenwood, Durban